Mtungi aliujua vizuri, mlango ndio uliomuua

Wakuu, poleni na kazi. Naandika kutoka Kisangani, kwa hiyo Kiswahili changu mkivumilie. Hii sio chai, nilikuwepo.

Kazi yangu ni kufundisha wafanyakazi kutumia extincteur, ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Nimeifanya miaka mingi na nimeichoka. Sio mtungi ulionichosha, ni mlango.

Wakati wa rébellion, vile vita vya waasi, nilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha sabuni. Tulichemsha mafuta ya mawese kwenye pipa kubwa, kuni chini. Mkubwa wetu pale alikuwa Tonton Saidi, mtu wa zile familia za Waislamu wa zamani hapa mjini. Mpole, lakini kwa utani humuwezi.

Mtungi ni yeye aliyenifundisha. Vuta pini, lenga chini moto unapoanzia, minya, peleka mpira kushoto na kulia.

Bon. Risasi mjini zilikuwa haziishi. Zikianza, tulijifungia chumba cha kuchemshia maana kuta zake zilikuwa nene. Mlango wa chuma, komeo, halafu wote kwenye kona, kimya. Mtu akigonga, hufungui. Waliofungua tuliwazika. Mwili ukazoea hivyo, akili haiulizwi tena.

Alasiri moja, mji umetulia kabisa, mafuta yakafurika na moto ukayadaka. Sote tukakimbilia uani. Tonton akachukua mtungi, akasema, “Muniachie, mi njo najua iyi kitu.” Akaingia.

Tukasikia komeo.

Alijifungia na moto, wakuu. Hakukusudia, mkono ulifanya ulichozoea.

Sasa sikilizeni, maana wengi hawajui hili. Mtungi ule ukiuminya haukai, mara umekwisha. Unga wake ukijaa chumbani huoni hata kiganja chako. Na moto wa mafuta unaweza kulala kidogo kisha ukaamka. Hapo dawa ni moja tu, kutoka. Ndiyo maana moto unatakiwa uwe mbele yako, na mlango uwe wazi nyuma ya mgongo wako.

Tuligonga. Tuliita jina lake. Tukaupiga ule mlango kwa nyundo na vyuma mpaka bawaba zikaachia.

Tulimkuta kwenye kona ileile ya kujifichia, amejikunyata, mtungi mtupu pembeni yake.

Hospitali aliongea kidogo kabla hajafariki. Alinishika mkono akaniambia, “Nilisikia munagonga mulango. Nikazani ni batu ya bunduki.”

Yaani kila tulivyozidi kugonga, yeye alizidi kunyamaza. Linaniuma mpaka leo, na sijui nilipeleke wapi.

Donc, turudi kwenye kuchoka kwangu. Juzi nilikuwa na zoezi kwenye depo moja, zoezi tu, hakuna moto. Nikapiga filimbi. Binti mmoja, mfanyakazi mpya, akachukua mtungi vizuri kabisa, pini anaijua, akaingia chumbani.

Akafunga mlango. Akaweka komeo.

Huyu amezaliwa vita vimeshapita. Alipofungua nikamuuliza nani alimfundisha kufunga.

“Mama,” akasema. “Ukisikia makelele, funga mulango kwanza.”

Sikumgombeza. Nimwambie mama yake alikosea? Alivuka vita akiwa hai, akalea mtoto akakua, sio kitu kidogo. Niliomba bisibisi, nikaling'oa lile komeo, nikalitia kwenye begi. Begini yapo mengine.

Somo langu ndilo hilo. Kabla hujavuta pini, geuka kwanza uone mlango wako uko wapi na kama uko wazi. Moto ukikushinda, uache, utoke.

Haya, nanyi semeni. Kazini kwenu mtungi upo wapi, na mlango je? Mwenye la kunikosoa anikosoe, sitakasirika, nimechoka tu.

Mimi komeo la nyumbani kwangu bado sijaweza kuling'oa.