Kiti Kilichochukuliwa kwa Jina Letu

Watu wa Nyabiondo walituita wazimu kwa muda mrefu kabla mtu yeyote hajatuita wezi. Wazimu niliuvumilia. Hata nilicheka nao. Hilo la pili sijalisamehe hadi leo, na sioni sababu ya kulisamehe.

Mimi na mume wangu tulikuwa tukitafuta vitu vya zamani na kuviuza. Tulianza muda mfupi baada ya Uhuru, wazungu wa mashamba walipokuwa wakiondoka Masisi na kuacha nyumba zimejaa. Mume wangu alikuwa seremala wa mmoja wao, hivyo alijua kabati lipi lilikuwa la mbao kweli na lipi lilikuwa limepakwa rangi kudanganya macho. Kitu chetu cha kwanza kilikuwa saa ya ukutani isiyotembea. Tuliipata kwa maharage ya shamba langu kutoka kwa mlinzi aliyeachiwa nyumba na kila kitu kilichobaki ndani yake. Mume wangu aliifungua mezani, akaisafisha kwa unyoya wa kuku na mafuta, ikaanza kugonga. Tukapanda nayo lori kwenda Goma, nimeipakata kama mtoto mchanga.

"Mama, mutakula saa?" jirani yangu aliniuliza.

"Tutaikula," nikamjibu.

Na tuliila, maana iliporudi kutoka Goma ilikuwa imegeuka chumvi, sabuni na kikwembe, kitambaa changu cha kujifunga.

Aliyenunua Goma alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye duka dogo karibu na ziwa. Tulimwita Madamu tu. Tulimletea saa, taa za kioo, viti vya kuzunguka, sahani zenye maua ya buluu. Kisha vitu vya wazungu vikaanza kuisha, na Madamu akaanza kutuuliza vyetu.

"Nileteeni vya babu zenu," alisema. "Viti vya muti, bakuli, bangili, visu vya zamani. Wageni wanavipenda."

Ndipo tukaanza kushuka hadi misitu ya Walikale, ambako watu bado walichonga vitu vyao wenyewe. Tulikuwa na desturi yetu. Tuliingia, tukasalimia, tukakaa, tukala kama tulipewa chakula, na maneno ya biashara yakaja mwisho. Mwenye kitu akikataa, tulinyamaza. Wazee wengine kule, ingawa walibatizwa, walishika bado mila zao za kale, na vitu vya mila hiyo hatukuvigusa. Mume wangu aliomba Mungu kabla ya kila mlo, hata mlo wa ndizi moja ya kuchoma, lakini hakuwa mtu wa kudharau. "Kitu kisicho na mwenye mumoja," alikuwa akisema, "hakina muuzishaji."

Katika kijiji cha Mpofi tulifikia kwa mama mmoja mjane. Tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Alikuwa mrefu, mwenye mguu mmoja mbovu na sauti ya chini, na alipika sombe, majani ya muhogo, ambayo sijaonja nyingine kama hiyo. Siku ya kwanza alituuzia bakuli la mti lenye ufa, akafurahi sana kuondokana nalo. Lakini mume wangu macho yake yalikuwa juu, penye moshi. Kule kilining'inia kiti kidogo cha duara, kilichochongwa katika gogo moja, miguu yake imepinda kwa nje, na mahali pa kukalia pamelainika hadi panang'aa.

"Koko, na ile?"

Koko alicheka. "Hii kiti haiko yangu, mwanangu. Bwana yangu aliikalia. Muyomba yake aliikalia mbele ya yeye. Sasa inangojea ule atapewa nafasi yake. Miye niko mulinzi tu."

Mume wangu aliomba akishike. Koko alikishusha, naye akakigeuza, akakitazama, akakirudisha kwa mikono miwili. Yakaishia hapo. Hatukuuliza tena, ingawa tulirudi Mpofi mara nyingi, na safari moja nilimpelekea Koko blauzi niliyomshonea kwa mashine yangu, ya kitambaa cha njano. Aliivaa siku hiyo hiyo juu ya nguo nyingine.

Tulisafiri juu ya lori la mtu mmoja aliyebeba chumvi na mafuta ya mawese, akipitia Mpofi na kuendelea upande wa Omate, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu. Dereva huyu alikuwa mcheshi. Alitungoja bila kununa, na mara nyingine, hata ile siku ya kwanza, aliingia nasi kwa Koko akala kutoka sahani yetu. Siku moja njiani alimuuliza mume wangu kwa nini tuliacha kile kiti.

"Haiuzishwe," mume wangu alisema.

"Kila kitu inauzishwa, Papa. Inategemea tu namna ya kuuliza."

Tulimchukulia kama mtu wa mzaha. Sijioni mkosaji kwa hilo. Mtu akila nawe sahani moja, huanzi kumhesabu miongoni mwa maadui.

Kisha ukaja wakati wa uasi. Barabara ilifungwa, malori yaliyopita yalikuwa ya askari, na sisi tulibaki Nyabiondo tukilima maharage kama watu wengine wote. Habari za Walikale zilitufikia vipande vipande: hapa wamekimbilia msituni, pale nyumba zimeungua. Nilikuwa nikimfikiria Koko na mguu wake mbovu. Njia ilipofunguka tena, tulibeba chumvi na sabuni, tukapanda lori la mtu mwingine, tukaenda kumwona.

Tulipoingia Mpofi, wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga. Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mpwa wa marehemu mume wa Koko, mwanamume aliyeanza kuota mvi ndevuni, alitukuta njiani akiwa na panga mkononi. Hakulinyanyua, lakini hakuliweka chini pia.

"Mumerudi," alisema. "Sasa munatafuta nini? Mulango ya nyumba?"

Walitukalisha mbele ya wazee, katika kile kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume huzungumzia mambo yao. Hapo ndipo tukasikia. Watu walipokuwa wakifunga mizigo kukimbilia msituni, yule dereva alifika na lori lake. Alimwambia Koko kwamba Papa na Mama wa Nyabiondo wamemtuma. Askari wanachoma nyumba, Papa na Mama wanasema unipe mimi kile kiti, watakificha kwao Masisi hadi kutulie. Koko alisita. Basi dereva akamtajia blauzi ya njano. Akamtajia maneno aliyotuambia siku ile, kwamba yeye ni mlinzi tu. Koko akakifunga kiti katika majani ya migomba na kumpa.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilimvuta mkono mbele ya wazee wote, jambo ambalo mwanamke hafanyi.

"Mbona unainama? Umeiba?"

"Wamelitumia jina letu," alisema.

"Basi inua kichwa uwaambie hivyo."

Aliwaambia. Mpwa alisikiliza, akatema mate pembeni. Nilimtafuta Koko kwa macho, nikamwona amesimama nyuma ya wanaume, ameegemea fimbo. Nikamwambia, Koko, wewe unatujua, yule mtu ni mwongo, hatukumtuma kamwe.

"Miye sikumupa dereva," alinijibu. "Nilikupatia weye."

Sijawahi kupigwa kofi kama lile. Hakupaza sauti. Na alisema kweli: alichokitoa alikitoa kwa sababu yangu, kwa sababu ya sahani tulizokula na blauzi niliyoshona. Kila jema tulilofanya katika ile nyumba, mwizi alilifanya ufunguo.

Mume wangu aliahidi kukileta. Mimi sikuahidi chochote, nilikuwa na hasira mno.

Hatukuhitaji kukitafuta sana. Kilikuwa Goma, kwa Madamu, juu ya meza katikati ya duka, kimepakwa rangi ya viatu kikawa cheusi kama buti la askari. Madamu alikuwa akiwaonyesha wageni wawili, na kwa kuwa mmoja wao alielewa Swahili kidogo, alimwelezea kwa Swahili ya mashambani.

"Hii ilikuwa ya chefu mukubwa wa pori. Alikuwa anakula watu."

"Alikuwa anakula mihogo," nilisema.

Wageni waligeuka. Madamu alitabasamu, akawasindikiza hadi mlangoni, kisha akaturudia bila lile tabasamu.

"Madamu, hiki kiti kimeibwa," mume wangu alisema.

"Miye sikuiba. Nilinunua kwa muntu yenu. Alisema ni ninyi mulimutuma."

Kwa hiyo hata hapo jina letu lilikuwa limetumika. Tulikwenda polisi. Yule mkubwa aliyetupokea alikuwa amekaa katika kiti cha ngozi cha mzungu, ambacho nilikitambua, maana mume wangu ndiye aliyekibadilishia mguu. Alituuliza kama kiti chetu kina karatasi.

"Cha kwako kina karatasi?" nilimuuliza.

Alicheka hadi akakohoa, akatuambia tuondoke kabla hajabadili nia.

Tukarudi kwa Madamu. Alikubali kukitoa, lakini hakutaka chumvi wala bakuli. Alitaka mashine yangu ya kushona. Alikwisha kuiona siku moja alipopita Nyabiondo: mashine ya kukanyaga, ya zamani, yenye miguu ya chuma iliyosukwa kama maua na herufi za dhahabu. Aliniomba wakati ule nikamkatalia, maana kwa mashine ile nilivalisha watoto wetu na nusu ya kanisa.

Njia yote ya kurudi nyumbani mume wangu alikuwa akinitazama kisha anatazama milima.

"Usiniangalie hivyo," nilimwambia.

"Sikuombi kitu."

"Najua. Hilo ndilo linaniudhi."

Niliitoa. Sikuitoa kwa moyo mweupe, na asije mtu akanisifia. Niliifuta vumbi kwa hasira. Dereva alikuwa na faida yake, Madamu alikuwa akipata alichokitaka tangu zamani, mkubwa wa polisi alikuwa amekaa katika kiti chake cha ngozi, na sisi ambao hatukuiba tulikuwa tukilipa. Kabla hawajaipakia lorini nilichomoa sindano, na kile kichuma cha kuzungushia uzi wa chini, nikavitia katika pindo la kikwembe changu. Madamu alitaka pambo. Basi nikampa pambo.

Tulikipeleka kiti Mpofi tumekifunga vizuri. Koko alikifungua mwenyewe. Alipitisha kiganja juu yake, akakinusa.

"Inanuka viatu," alisema.

Alipokigeuza, tukaona jambo ambalo hata sisi hatukuliona dukani: chini yake walikuwa wametoboa tundu la kukisimamishia kwenye chuma, ili wageni wakitazame vizuri. Mume wangu alifunika mdomo. Wazee walikizunguka, wakabishana. Mmoja alisema kiti kilichotobolewa kama kopo hakiwezi tena kumkalisha mtu mwenye heshima. Mwingine alisema kidonda si kifo. Mpwa, ambaye nafasi ile ilikuwa ikimngojea, alikaa chini akiwa amekishika kati ya magoti yake, akikwangua ile rangi nyeusi kwa ukucha.

Mwishoni walikubaliana kukirudisha penye moshi hadi harufu iishe, kisha wataamua. Mume wangu alijitolea kuziba tundu kwa kipande cha mti ule ule. Walimruhusu, na waliketi wakimwangalia mikono muda wote.

Koko alitupikia. Hakusema asante, nami sikuitaka. Asante ya nini, ya kurudishiwa chake kikiwa na tundu? Lakini tulipokuwa tukiondoka alinishika kiwiko, akanisindikiza hadi barabarani na ule mguu wake mbovu, mbele ya wanawake wote waliokuwa wameacha kutwanga siku ile. Alitembea polepole makusudi, ili waone.

Baadaye tulisikia kwamba mpwa alikikalia. Kwa Madamu hatukurudi tena. Mume wangu alirudi kwenye milango na vitanda, na kama alipata saa mbovu aliitengeneza na kuwauzia watu wa Masisi wenyewe.

Yule dereva alijenga nyumba ya matofali. Akawa mtu wa kukaa mbele kanisani. Nilikutana naye soko la Nyabiondo, akinunua maharage kwa magunia, akanicheka usoni.

"Mama, haunisalimie?"

Nikaweka kikapu changu chini, nikasimulia kwa sauti, mbele ya wauzaji na wanunuzi, kiti alichokichukua, na nani aliyemdanganya ili akipate, na kwa jina la nani. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mfukoni.

"Lakini kiti kilirudi," alisema. "Sasa nani alipoteza?"

Watu wengine walicheka naye. Wengine walinitazama kama mwanamke aliyevua nguo sokoni. Mume wangu, niliporudi nyumbani na kumweleza, alisema imetosha, tumwachie Mungu.

Sikumwachia. Soko lililofuata nilisimama tena pale pale na kusimulia tena, kwa maneno yale yale. Na lililofuata. Watu waliokuwa wamecheka wakaanza kuuliza maswali, kisha mama mmoja akakataa kumuuzia, akafuata mwingine. Niliendelea hivyo, soko kwa soko, mpaka akaanza kwenda kununua maharage yake mahali pengine.