Kumrudisha Ng'ombe wa Mama

Niliondoka Bariadi alfajiri nikiwa tayari kwa ugomvi. Mama alinituma kijiji kimoja nje ya Lagangabilili, nimrudishe ng'ombe wake, nami moyoni nikamhesabu na mtamba aliyezaliwa huko. Miaka ya nyuma tulipokosa malisho, alimkabidhi ng'ombe huyo kwa Baba Masalu, rafiki wa marehemu baba, amtunze na kunywa maziwa. Karatasi haikuwepo, kwetu hayo ni mambo ya kuaminiana. Kisha wakapita wasajili wa mifugo na vishikwambi vyao, wakawavisha ng'ombe hereni zenye namba, na wa mama wakaandikwa kwa jina la Baba Masalu. Sasa mzee anaumwa. Akifariki, wanawe watawarithi kwa haki kabisa, na mama hana mali nyingine.

Saa mbili asubuhi nilifika Lagangabilili, nikamchukua bwana mifugo kwenye gari dogo la mizigo nililokodi. Kuanzia hapo ni mashamba ya pamba pande zote, nami sikuyaona, nilikuwa napanga maneno makali.

Nyumbani kwa Baba Masalu nilipiga goti, nikamwamkia Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama. "Mbona mmechelewa hivyo?" Alikuwa amejifunika blanketi kwenye jua kali. "Hizo hereni zinaninyima usingizi."

"Lakini baba, ulisema ni wako."

"Waliuliza ng'ombe ni wa nani, nikasema wote ni wa hapa. Ningetangazaje mali ya mama yako mbele ya wageni? Bwana mifugo, toa jina langu ningali nikiona."

Kumbe! Aibu ilinishika, na furaha ikaja juu yake, nikacheka peke yangu. Maneno yangu makali yote nikayameza.

Bwana mifugo alisoma namba za hereni, Baba Masalu akathibitisha, jina la mama likaingia. Kisha akajaza safari yenyewe: wanatoka wapi, wanakwenda wapi, kwa gari gani. Kibali kikaingia kwenye simu yangu. Tulimpakia ng'ombe na mtamba wake, nikaaga haraka haraka, mzee asije akabadili mawazo.

Saa saba mchana tulisimamishwa kwenye kizuizi cha mifugo. Mkaguzi alipanda nyuma ya gari, akageuza masikio ya ng'ombe, akaingiza namba. Mtandao ukasuasua.

"Mwenye mali ni mwanamke?" akauliza.

"Ni mama yangu mzazi."

"Basi ndiye huyu. Nendeni salama."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu Bariadi.

Jioni mama alitupokea langoni. Alimpapasa ng'ombe shingoni, akamwita kwa jina lake la zamani. Nikamwonyesha simu. Hajui kusoma, lakini alikishika kile kioo kwa mikono miwili. "Wabeja," akashukuru. Kisha akamtazama mtamba.

"Huyu naye amefuata nini huku?"

"Si wako, mama? Ameandikwa jina lako."

"Na aliyekesha na mama yake akimzaa umemwachia nini?"

Nilikwenda kudai haki yetu, ya mwenzetu nikaipakia kwenye gari, na mzee akaniachia.

Jumatatu narudi Lagangabilili na mtamba. Nimeshaomba kibali kingine, na safari hii mwenye mali ataandikwa Baba Masalu.