Gari la Mninga Nyuma ya Kioo

Harufu ya mninga uliopasuliwa upya ni kali kidogo na tamu kidogo, na ikishaingia kooni haitoki upesi. Kijijini kwetu Titye tulikua ndani yake. Baba alikuwa seremala, karakana yake kibanda cha bati ubavuni mwa nyumba, na sisi tulikula, tukalala na kwenda kanisani tukiwa na unga wa mbao kwenye nywele. Nilipokuwa darasa la nne harufu ile ilikatika. Baba alikuwa amekwenda Kitahana, upande wa Kibondo, kupaua nyumba ya mwalimu mmoja, akateleza juu ya kenchi za paa akaanguka chali. Walimleta nyumbani nyuma ya lori la mahindi, amelazwa juu ya godoro la kuazima. Hospitalini walisema mgongo haukuvunjika lakini umeumia vibaya: asibebe, asipande, akae. Basi akakaa. Kila asubuhi mama alimsogezea kigoda ukutani, panapowahi kupata jua ukungu ukiondoka, kisha akabeba jembe lake akaenda kuvuna maharage peke yake. Karakana ilifungwa kwa kufuli, na ndani yake kabati la mwalimu mkuu lilikuwa limebaki milango. Waliopita njiani walimsalimu, "Mwakeye, fundi," halafu wakaangalia pembeni. Yeye aliitikia kwa sauti ndogo. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kwamba neno lile fundi lilikuwa linamuuma kuliko mgongo.

Msimu huohuo Mzee Salumu mwenye duka, ambaye watu wake walitoka Ujiji, alileta televisheni na kidude cheusi ambacho sote tulikiita gemu. Kilikuwa na kaseti za plastiki za kuchomeka juu na pedi mbili zenye waya. Siku za gulio jenereta ilinguruma nyuma ya duka, wenye pesa wakakaa ndani kwenye benchi, na sisi wengine tukabandika nyuso zetu dirishani. Ndani ya kioo kulikuwa na rangi ambazo sikuwa nimeziona popote. Mdogo wangu Gervas aliweza kusimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Siku moja Hamisi, kijana wa Mzee Salumu, alichoka nasi. "Tokeni hapo, mnatuzibia upepo! Dirisha limekuwa kama banda la mbuzi!" Akatumwagia kopo la maji. Gervas alirudi nyumbani shati limemganda mwilini, analia kwa hasira, na baba akamwita kwenye kigoda.

"Kinafanyaje hicho kitu?" aliuliza. Gervas akaeleza huku anavuta kamasi: kuna gari, linakimbia, likigonga unakufa. Baba akamsikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mteja anayeeleza kiti anachotaka. Kisha akauliza, "Linakimbia gari, au inakimbia barabara?" Hatukujua. Hatukuwahi kufikiria. Ilibidi tusubiri gulio jingine, twende tena dirishani, safari hii tukitazama kwa kazi maalumu, na Gervas akarudi mbio akipiga kelele tangu kwenye migomba ya jirani: "Baba! Barabara ndiyo inakimbia! Gari liko palepale!" Baba alicheka. Tangu aletwe na lile lori sikuwa nimemsikia akicheka. "Basi hiyo naiweza," alisema. Akanigeukia mimi: "Dafroza, kalete ufunguo wa karakana."

Alifanya kazi amekaa, sisi tukimpa vifaa. Alitengeneza sanduku la mbao, akaweka mbele yake kioo alichokitoa kwenye fremu ya picha. Ndani alisimamisha vijiti viwili vya kuviringisha, kimoja juu na kingine chini, vyenye mpini wa kuzungushia. Juu ya vijiti hivyo akapitisha karatasi ndefu iliyounganishwa kwa gundi kutoka mifuko ya saruji, na juu ya karatasi akachora kwa mkaa barabara ya kutoka Manyovu, yenye kona, madaraja na matope. Gari alilichonga kwa kipande cha mninga, dogo kama kidole gumba, akalining'iniza kwa waya mbele ya karatasi. Nyuzi zilipita kwenye vibiringo mpaka kwenye vijiti vingine viwili nje ya sanduku, kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto. Mchezaji alikaa mbele akivuta vijiti. Baba alikaa nyuma akizungusha barabara kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akishusha mbuzi, mawe, ng'ombe na malori ya kubuni, vyote vya kadi na vyote vya kugonga. Injini ilikuwa mdomo wake. Honi pia. Pointi tulihesabu wenyewe kwa punje za maharage, tukigombana.

Kulikuwa na kosa moja. Baba alikuwa ameijenga akiwa nyuma yake, akaipimia macho yake mwenyewe, kwa hiyo ukivuta kijiti cha kulia gari linakwenda kushoto. Alipogundua alitaka kuzifungua nyuzi azikatishe upya, lakini tayari tulikuwa tumeshika. "Usiguse, Baba," Gervas alimwambia, "tumeshazoea." Matokeo yake ni kwamba siku Hamisi alipomruhusu Gervas kugusa pedi yake, mdogo wangu alielekeza gari moja kwa moja mtaroni, akalielekeza tena, na benchi zima likamzomea: "Huyu kajifunza udereva kwa kinyonga!" Hakujali. Aliwaambia, "La kwetu lina mbuzi," akaondoka.

Watoto walianza kuja. Walikaa mstari uani, kila mmoja na zamu yake, na baba aliwajua wote. Mwoga alimwendeshea barabara polepole. Anayejisifu alimrushia ng'ombe watatu kwenye kona moja. Mama hakufurahi. Alirudi jioni na mzigo wa maharage kichwani, akautua, akatazama uani pake palivyojaa, akasema bila kupaza sauti, "Kabati la watu limekaa bila milango, wewe unachonga gari." Milango ilikuwa mizito, na gari lilienea kiganjani.

Halafu akaja baba mdogo Zabroni. Alikuwa karani wa ghala Kasulu mjini, mtu wa viatu vilivyong'arishwa, na siku hiyo alikuja na wanaume wawili kumjulia hali kaka yake. Walimkuta amejikunja nyuma ya sanduku, jasho likimtoka, anapiga honi kwa mdomo: "Pooo! Pooo!" Baba mdogo alisimama na baiskeli yake mkononi. "Kaka," alisema, "mimi nimewaambia watu huku njiani kwamba unaumwa." Mmoja wa wale wageni akacheka. "Anaumwa utoto," alisema. Baba mdogo hakucheka. Aliendelea, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwamba alisema kwa upole: "Mkeo yuko shambani peke yake. Wewe unakuwa lori. Watu wanasemaje?" Watoto waliondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Wageni walipokwenda, baba alimwomba Gervas gunia, akalifunika sanduku, akarudi kwenye kigoda chake ukutani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za mwanzo. Watoto walifika hadi uzioni, wakaona gunia, wakarudi. Gervas alijaribu kumbembeleza, baba akamwambia, "Nenda dirishani kwa Hamisi, mwanangu, huko ndiko kuna gemu." Hakula vizuri. Hakuuliza habari za shamba. Niliogopa, kwa namna watoto wanavyoogopa bila kumwambia mtu, kwamba baba yetu alikuwa anakwisha pale ukutani tukimtazama.

Aliyeliondoa gunia ni mama. Alirudi kutoka shambani jua likiwa bado lipo, miguu imejaa udongo mwekundu, akaegemeza jembe, hata hakunawa. Alilitupa gunia pembeni, akaketi chini mbele ya kioo, akashika vile vijiti.

"Washa," alisema.

"Mama Dafroza, acha utani."

"Nimevuna maharage tangu asubuhi. Wote wamecheza hapa isipokuwa mimi. Washa."

"Halina mafuta."

"Jaza."

Baba alisogea na kigoda chake, polepole, akishikilia ukuta, akakaa nyuma ya sanduku, na tukaisikia injini ikikohoa. Mama alivuta kulia, gari likaenda kushoto, likaangukia mtoni. "Hili gari lako ni la kichaa!" Akaanza tena. Alipofika kwenye daraja mbuzi alishuka kutoka juu, mkubwa, na mama akamkanyaga. "Huyo umemtupa makusudi!"

"Barabara ya Manyovu ina mbuzi, mama. Mimi si mwenye mbuzi."

"Wewe ndiye mwenye mbuzi! Nakuona mkono!"

Walicheka mpaka mama akajifuta machozi kwa kanga. Jirani zetu walichungulia juu ya uzio, na mama akawaambia waingie, wasinyooshe shingo kama kuku, zamu ipo. Siku hiyo watu wazima walicheza uani kwetu mbele ya wote, na hakuna aliyesema tena habari za utoto.

Sitasema uongo kwamba sanduku lile lilimponya. Hakupanda tena kenchi maishani mwake. Milango ya kabati aliichonga taratibu, akiwa amekaa, mama akimshikia mbao, na baadaye akaishi kwa viti na vigoda. Mvua zilipoanza, karatasi ya saruji ililowa ikachanika, na sisi tukawa na mambo mengine.

Baba amefariki mwaka huu. Msibani baba mdogo alisoma wasifu wake. Alipofika msimu ule alisoma kwamba marehemu aliumia na kwa muda mrefu hakufanya kazi. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Mimi niliishia darasa la saba, nashona nguo Kasulu mjini, si mtu wa kusimama mbele ya watu. Lakini jioni moja baada ya matanga nilimsimulia mwanangu, naye akatafuta kwenye simu akanisomea kwamba mashine za kwanza za michezo nyumbani zilionyesha nukta za mwanga tu. Watu walibandika nailoni yenye picha juu ya kioo, na pointi wakahesabu wenyewe. Na kabla ya hizo kulikuwa na makabati ambamo barabara ilichorwa kwenye mkanda, mota ikauzungusha, gari likabaki palepale. "Babu alijuaje?" aliuliza. Nikamwambia babu aliuliza swali tu.

Gemu za mwanangu ni nzuri, siwezi kuzisema vibaya. Zina miji, mvua, na watu wanaogeuza shingo. Anaweza kucheza mpaka macho yawe mekundu, na simu haijali. Sisi hatukuweza. Ilikuwa lazima kila mara tuchungulie nyuma ya sanduku, tukiona baba amekunja uso tunaviachia vijiti, hata kama barabara ni nyeupe mbele na maharage yote yako upande wetu. Ndivyo tulivyojifunza kuacha mchezo tukiwa tunashinda, kwa sababu mashine yetu ilikuwa na mgongo unaouma.