Neno «plus» katika barza ya Kasugho

Naandika haya kabla hayajanitoka kichwani. Jana, hapa nyumbani Butembo, baba aliniuliza mbele ya wageni nitasoma nini ku université, na mimi, kama kawaida yangu, niliangalia viatu. Tantine Kahindo, dada yake baba, alinifuata jikoni nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Haya ndiyo aliyonieleza, na nimejaribu kuacha maneno jinsi yalivyomtoka.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama katikati ya barza, baraza la chef wa kijiji, kule Kasugho, na mama yangu, koko yako, ananitazama kama vile mimi ni avocat, wakili. Sikuwa avocat. Kosa lilikuwa langu, na nitakuambia lote, maana jana nilikuona ukimeza neno lilelile nililomeza mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili hapa Butembo, nasoma Kifaransa. Nyumbani hakuna aliyejua. Siku niliyojiandikisha, majirani waliniuliza nasoma nini, nikajibu «Droit», yaani sheria. Lilinitoka tu. Mama alipiga vigelegele pale pale njiani, na kisha nani angepata nguvu ya kumrudisha nyuma? Kila likizo akawa ananiita «maître», jina la mawakili.

Halafu shida ikaja. Baba yetu alikuwa amekufa, na mama alitusomesha kwa shamba moja tu la Kasugho: maharagi, mihogo, kahawa kidogo. Vita vilikuwa vimetukimbiza Kasugho miaka miwili. Tuliporudi mwaka ule, shamba limekuwa pori, na baba mdogo Kasereka, ndugu ya marehemu, amekwisha kupanda miti ya mpaka wake juu yake. Alisema mama aliliacha shamba tangu zamani, hata kabla ya vita, na kwamba yuko na karatasi inayosema hivyo.

Mama akanijia. «Maître wangu, sheria inasema je?»

«Nitauliza professeur,» nikamjibu.

Sikuuliza mtu. Ningeuliza nini? Msimu mzima wa kupanda ulipita hivyo, mama anangoja sheria kutoka kwangu, na mimi namkwepa. Mpaka chef akatuita wote kwenye barza.

Kasereka alisimama na karatasi yake. Ilikuwa déclaration ya mama mwenyewe, ya kabla ya vita. Siku hizo secrétaire wa chef alipita kwa kila mkulima, mtu anasema kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kifaransa. Kasereka akasoma kwa sauti kubwa: «Depuis la mort de mon mari, je cultive plus ce champ.» Akageukia watu. «Munasikia? "Tangu bwana yangu alikufa, silime tena hii shamba." Njo kinywa yake mwenyewe!»

«Bongo, ni uongo!» mama akaruka. «Nilisema nalima zaidi! Nilikuwa peke yangu, nikafungua mpaka kule ku mto!»

Secrétaire aliyeandika alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na wa kuuliza. Na kama karatasi ilisema vile Kasereka alivyosoma, shamba limekwenda, na shule ya baba yako, aliyekuwa bado mtoto, imekwenda nalo.

Chef akaniangalia. «Maître, uko mwaka ya ngapi ya Droit?»

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea. Lakini niliogopa kwamba swali la pili litakuwa la sheria kweli.

«Hapana, chef. Sisome Droit. Niko nasoma Français.»

Wee! Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. «Français!» Kasereka akajipiga mapaja. «Batoto ba Paris banaongea Français bila kulipa minerval ya masomo!» Mama alifunika uso na kitambaa chake. Nakuambia ukweli, mwanangu, nilitamani ardhi ya Kasugho inimeze.

Lakini chef alikuwa mtu wa kupenda kujua. «Donc kama ni Français unasoma,» akasema, «soma.» Akaninyooshea ile karatasi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika. Nikaisoma mara moja, nikaisoma mara ya pili.

«Chef,» nikasema, «hili neno "plus" liko na sura mbili. Linaweza kusema "zaidi", linaweza kusema "si tena". Kwa mdomo, "s" ya mwisho inatusaidia: wengi wanaitamka wakisema zaidi, hawaitamki wakisema si tena. Mais karatasi haina mdomo. Kwenye kuandika, ukitaka kukana, unaweka "ne" mbele. "Je ne cultive plus": silime tena. Hapa "ne" haiko. Basi ameandika "zaidi".»

Mwalimu wa shule, aliyeketi kando ya chef, akainua kidole. «Mais mademoiselle, sisi bote tunaimezaka ile "ne". Hata wewe.»

«Hata mimi, monsieur. Lakini tumwangalie huyu secrétaire. Hapa chini anaandika "je n'ai pas d'autre champ", sina shamba lingine. Ameiweka. "Mes enfants ne sont pas encore grands", watoto wangu hawajakua bado. Ameiweka. "Personne ne m'aide", hakuna anayenisaidia. Ameiweka tena. Kila mahali mama amekana, yeye hakusahau. Asahau kwenye shamba peke yake?»

Nikamgeukia Kasereka, na sauti yangu, sijui ilitoka wapi, ilifika mpaka nyuma. «Na mama alisema hakuna mtu anamusaidia. Baba mdogo, mutu asiyelima tena, anataka bamusaidie kufanya nini?»

Mwalimu akaichukua karatasi, akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa. «Iko kweli, chef. Iko kweli kabisa.» Chef akaanza kucheka, ila safari hii alimwangalia Kasereka. Siku ileile miti ya mpaka iling'olewa, na wanawake wa Kasugho waliniinua juu wakiimba. Mimi! Niliyeogopa hata kuagiza chai!

Njiani mama akasema: «Miaka mbili unanidanganya. Kama ungelisema ni Français, ningelikuomba uisome ile karatasi siku ya kwanza. Niliacha kukuomba juu nilifikiri kwa watu ba Droit kusoma ni kitu kidogo.» Kidogo tena: «Wasingya, mwanangu.» Asante ile ilinichoma kuliko lawama.

Sitakudanganya kuhusu kazi. Nilipomaliza, mwaka mzima hakuna aliyenihitaji. Nilianza kufundisha kule Beni kwa mshahara wa kuchekesha. Kisha wakulima wa kakao wakaniletea statuts za coopérative yao, kanuni za chama chao, niwaandikie. Nikajifunza Kiingereza, na leo ma-agents wa forodha wa mpakani Kasindi wananiita karatasi za Uganda zikigombana na zetu. Nyumba yangu imejengwa kwa maneno, mwanangu, tofali kwa tofali.

Basi nisikilize. Ukitaka kusoma Kifaransa, kisome, na ukitaje kwa jina lake mbele ya baba yako, hata sauti ikitetemeka, kwa sababu msaada ulio nao hauwezi kumfikia mtu asiyejua kwamba unao. Kinande chako na Kiswahili chako usiviache nyuma, maana bila hivyo nisingejua mama alitaka kusema nini. Na ukishika karatasi ya mtu, isome yote mpaka chini; pengine uhai wake umelala kwenye mstari wa mwisho.

Nyamuhanga, Mungu wetu, aliyekupa haya ya kusema, akupe na siku ya kuishinda. Akuweke mahali neno lako litakapomrudishia mtu kilicho chake, na watu wa kwenu wakusikie mpaka nyuma. Nenda, mwanangu. Nenda na amani.