Sifuri za Kliniki ya Jumanne

Hadi leo nikiwa peke yangu bafuni, siku ile ikinijia kichwani, najikuta nimesema "Yesu wangu!" kwa sauti, na mke wangu huko nje anacheka kwa sababu anajua nimekumbuka nini. Ni aibu, sikatai, na afadhali niwasimulie mwenyewe, maana hapa Same kila anayeisimulia anaongeza chumvi, na juzi nimeisikia stendi eti nilizimia (sikuzimia, niliteleza tu kwenye kiti).

Mimi ni muuguzi, nasimamia kliniki ya afya ya akili ya kila Jumanne kwenye kituo ambacho sitakitaja. Nilipelekwa Moshi wiki nzima kwenye mafunzo ya uongozi, wenyewe waliyaita uongozi wa huduma zinazozingatia ushahidi, yaani kwa lugha yetu sisi: usitibu kwa mazoea, muulize mgonjwa maswali yaliyothibitishwa, andika alama, fuata alama zinasema nini, na wewe kiongozi uwe wa kwanza kufanya. Nilirudi na dodoso la maswali tisa, cheti, na mdomo. Mdomo ndio ulioniponza.

Sista Naelijwa, muuguzi mwenzangu aliyeanza kazi mimi bado nachunga mbuzi kwetu Maore, alilitazama lile dodoso akasema, "Sawa, Kiongozi." (Tangu nirudi hajaniita tena jina langu, ni Kiongozi asubuhi, Kiongozi jioni, hata akiomba chumvi.) Tukaanza. Unamuuliza mtu, kwa wiki mbili hizi umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umejiona umeshindwa maisha? Kama hapana kabisa unaandika sifuri, ikizidi unaandika moja, mbili, mpaka tatu ambayo ni karibu kila siku. Nilipojumlisha mwezi wa kwanza nikakuta sifuri. Mwezi wa pili, sifuri. Mwezi wa tatu mstari wa chati niliyobandika ukutani ulikuwa umelala chini kabisa kama tambarare ya kijiji cha Kisiwani, chini ya milima.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikawapigia simu wakufunzi wangu Moshi nikawaambia watu wangu wamepona, njooni mjifunze.

Sista alinionya, jamani, sitamsingizia. "Kiongozi, hawa ni Wapare. Umkute Mpare amevunjika mguu, umuulize habari, atakwambia nzuri." Nikamjibu kwa Kiswahili cha semina kwamba hayo ni mazoea, hayana ushahidi. Tena nikapanga kwamba aliyepata sifuri mara tatu asije tena kila mwezi, arudi baada ya miezi sita, tupunguze msongamano. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mzee Mchome wa Mbaga, aliyefiwa na mkewe, ambaye kila tarehe yake ikifika anashuka mlimani, anajibu hapana, hapana, hapana, anachukua dawa zake, anapanda. Ni kaka wa mama mkwe wangu, kwa hiyo niliona kabisa kwamba namfanyia hisani, namwokolea nauli.

Wakufunzi wakaja, watatu, na madaftari yao. Nilitaka waone tunavyouliza, lakini huwezi kumhoji mgonjwa wa kweli mbele ya wageni (hilo angalau nililishika), basi nikaamua tuigize, Sista awe muuguzi na mimi niwe mgonjwa. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa sababu nikajitutumua nikasema, "Nitajibu kweli tupu. Kiongozi anaonyesha njia."

Niwaeleze kidogo chumba chetu. Kimekatwa katikati kwa plaiwudi, upande huu meza, upande ule benchi la wanaosubiri, na hiyo plaiwudi haifiki darini. Mimi miaka minne nimekaa upande wa meza, kule benchi sijawahi kukaa hata dakika moja.

"Umekosa usingizi?" Sista akauliza kwa sauti yake ya kanisani. Nikasema ndiyo, andika tatu, tangu nipewe huu usimamizi nahesabu bati. Upande wa pili mtu akasema, "Pole!" Nikadhani wanaambiana wao. "Umekosa hamu ya kula?" Nikasema nakula makande ya Jumapili mpaka Alhamisi, mke wangu anafundisha Kisiwani, anarudi Ijumaa. "Maskini," upande wa pili. Hapo ningenyamaza. Sista mwenyewe alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini wakufunzi wananitazama kwa upendo, wanaandika, na mimi sifa zimenipanda, basi alipouliza kama nimepoteza raha ya mambo niliyoyafurahia zamani, nikafunguka: "Sista, hata mke wangu akija hiyo Ijumaa nageukia ukuta. Nalala kama gunia. Ameanza kuniuliza kama nimepata mwingine."

Kisha juu ya plaiwudi ikaja sauti ya taratibu ninayoijua vizuri sana, ikasema, "Uwi! Baba Neema."

Mama mkwe. Alikuwa amemsindikiza kaka yake.

Sasa nyie mnajua mkwe ni nini kwetu. Miaka tisa mimi na yule mama hatujala sahani moja, nikimwona njiani napisha, namwamkia shikamoo huku nikitazama viatu vyake, na leo nimemsimulia mambo ya chumbani kwa binti yake mbele ya benchi zima na wageni kutoka Moshi. Ndipo nilipoteleza. Mkufunzi mmoja akaanza kunipepea kwa daftari.

Nikiwa pale sakafuni nikamsikia Mzee Mchome, hakuinuka hata, alisemea kule kule benchi. "Kama mkwe amesema yake mama mkwe anasikia, mimi mtu mzima naficha nini? Andikeni. Silali. Tangu mama watoto aondoke silali, na chakula nakimeza tu. Kila mara mnaponiuliza, dada yangu yuko hapa, jirani yangu yuko hapa, wote masikio. Ningejibuje?"

"Hata mimi niliwadanganya," akasema mama mmoja. "Na mimi ile ya kulia," akasema mwingine. Sista Naelijwa akaweka kalamu chini akajifuta macho kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nalia tayari, mwanzoni kwa aibu, halafu kwa kitu kingine, kwa sababu nilikuwa nimebakiza nusu saa tu nimwambie yule mzee asirudi miezi sita. Aibu ya mkwe inachekesha. Hii haichekeshi, na bado inaniuma.

Mkufunzi mkubwa, mama mmoja mpole, akaniinua akasema, "Mbwambo, ushahidi ndio huo. Sasa hamisha kiti." Siku ile ile tukahamia stoo, kuna mlango na kuna kitasa, tukaanza upya mmoja mmoja. Mzee Mchome alipata kumi na tisa. Tukambadilishia matibabu, akawa anakuja kila wiki mbili, na wiki ambayo haji Sista anampigia simu.

Mama mkwe hajalitaja jambo lile hata mara moja, Mungu ambariki. Ila Ijumaa alimpa mke wangu jogoo na ujumbe, "Mwambie Baba Neema apumzike, kazi haiishi," na mke wangu alicheka mpaka akakaa mlangoni.

Kwa hiyo nimeapa. Sitajisifu tena kwa alama nisizojua zimepatikanaje, na kabla sijamuuliza mtu siri yake nakaa kwanza kwenye benchi lake nisikie kunasikika nini.

Mwezi uliopita Mzee Mchome alishuka, tukaingia stoo, nikafunga mlango, nikamuuliza habari ya usingizi. Akafikiri sana. "Wiki hizi nalala," akasema. "Jumapili nililala mpaka kengele ya pili ya kanisa." Nikashika kalamu niandike sifuri, akanishika mkono.

"Andika moja, mkwe. Jumatano nilimkumbuka."