Ningi Alifungua Mdomo, Mkewe Akaimba

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hesabu nilizopata huko zinanitosha kujua jambo hili: wimbo mmoja wa sinema ya Kihindi una watu wanne. Kuna aliyeandika maneno, kuna aliyetunga muziki, kuna anayeimba, halafu kuna yule mrembo unayemwona kwenye kitambaa cheupe akizunguka mti huku anarembua macho. Huyo wa nne haimbi. Anafungua mdomo tu.

Aliyeniambia ni fundi cherehani wa Kihindi aliyekuwa anashonea kwenye baraza la duka, nyuma ya soko la Shinyanga. Alikulia Kahama, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Pembeni ya cherehani aliweka gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Nikitoka kubeba marobota kwenye kiwanda cha pamba nilikuwa naenda kukaa kwenye ngazi zake, pamba imenijaa kichwani kama mvi, wapita njia wananipa shikamoo kwa mbali na wakinikaribia wanaidai irudi.

Kihindi sikujua hata neno la kuombea maji. Lakini nyimbo zile nilizijua. Zinaanza vyombo peke yake: fidla nyingi kwa pamoja, ngoma ndogo mbili zinazoongea kama vifaranga, halafu filimbi inapita katikati kama mtu anayetafuta kiti. Unangoja. Unasema sasa anaingia, haingii. Unakaribia kukata tamaa ndipo anaingia yule mama, sauti nyembamba kama uzi, na uzi haukatiki hata akiuvuta mpaka juu kabisa. Kila alipoingia, mguu wa fundi ulisimama kwenye pedeli. Suruali za watu zilichelewa sana kwa ajili ya yule mama.

Siku moja nikamwambia fundi kwamba mrembo wa sinema ya wiki iliyopita ana uso mzuri na sauti nzuri pia, Mungu amempendelea. Fundi akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu. Akaniambia yule wa kwenye kitambaa na anayeimba ni watu wawili tofauti. Mwimbaji anaimba chumbani na wapigaji wake, sauti inakamatwa, mrembo anafuatisha kwa midomo. Akanionyesha maandishi katikati ya santuri, jina la mwimbaji limeandikwa pale. Kwao, alisema, watu wanaulizia jina hilo dukani kabla ya kuuliza la sinema.

Nikafikiri kidogo, kisha nikamwambia nimeelewa: huyo mama anafichwa ili wachawi wasimpate. Dawa ya adui inapigwa kwenye uso unaoonekana. Wakipiga, inampata mrembo, na mrembo hana sauti ya kupoteza. Wahindi wana akili sana.

Fundi alicheka mpaka akajishona kidole. Akasema hakuna uchawi wowote, ni kwamba mwenye sauti hakupewa sura na mwenye sura hakupewa sauti, basi wakaunganishwa kama mkono na kanzu. Sikumwamini. Mtu aliyekulia Usukuma na hajui dawa za ngoma, huyo alikuwa anashona tu.

Maana kwetu Usukuma mtu wa wimbo ni mmoja, tunamwita ningi. Ningi anatunga, anaimba, anaongoza wachezaji, na lawama zote ni zake. Baada ya mavuno vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja na duara lake, vinaanza kwa pamoja. Watu wanakwenda wanakopenda. Duara lenye watu wengi limeshinda, hakuna rufaa. Ndiyo maana kila ningi ana mganga wake, na kila ningi akikohoa watu wanaulizana nani kamtupia.

Ningi wetu alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na kikundi cha wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. Hawakumshinda kwa kuimba. Walileta fisi. Fisi hai, kafungwa kamba shingoni, anazungushwa kwenye duara. Nani atasikiliza wimbo wakati fisi anapita? Ningi akaapa mbele yetu sote kwamba akishindwa mara ya tatu anaacha ngoma, anarudi kwenye jembe, na kikundi kivunjike. Mtu akiapa mbele ya watu wake kwetu hapindui.

Zikiwa zimebaki siku tisa tushindane nao tena, sauti ikamkauka. Alikuwa akifungua mdomo inatoka sauti ya mlango. Mganga alichanja, alifukiza, alimnywesha kitu chenye harufu ya viatu. Mlango ukabaki mlango.

Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa nje, mkewe anapepeta mtama. Nilichokuwa najua, na kikundi kizima kilijua ila hakuna aliyekisema, ni kwamba ningi alitunga nyimbo jioni na kufika asubuhi amezisahau. Aliyemrudishia ni mkewe. Mama alizishika zote, na pale mstari ulipochechemea aliunyoosha kimyakimya na kumpa mumewe kama ni wake.

Nikawaeleza habari za Wahindi, uso huku, sauti kule, na dawa inavyopiga uso unaoonekana. Nikasema mama akae nyuma ya ngoma, ndani ya turubai la lori, aimbe. Bhabha, yaani ningi mwenyewe, acheze mbele na afungue mdomo.

Ningi akasema kwa ule mlango wake kwamba hawezi kutoa sauti ya mwanamke mbele ya wachimbaji. Nikamjibu kwamba watu wanamfuata fisi kwa sababu hawajawahi kumwona fisi akicheza ngoma, na mwanaume mwenye ndevu anayeimba kama mama yake hawajawahi kumwona pia.

Mama akaweka ungo chini. "Na dawa yao je? Si itampata huyu?"

"Mayu, huyu imeshampata. Hawezi kupatwa mara mbili."

Akacheka, mara ya kwanza siku hizo. Mumewe hakucheka, ila hakukataa.

Tulipanda lori la mbegu za pamba, tukapita Kahama, kesho yake mchana tukawa Nyarugusu. Wachimbaji walijaa uwanjani, watu wa kila kabila, wengine bado na udongo mwekundu masikioni. Fisi alikuwa ameshafika, amenenepa kuliko mwaka jana. Tuliegesha lori kwa nyuma, mama akaingia ndani ya turubai, ngoma zikapangwa mbele yake.

Nilikuwa nimewaomba wapigaji waanze peke yao, wakae sana, kama vyombo vya kwenye santuri. Walipiga mpaka watu wachache waliokuwa kwetu wakaanza kuuliza kama ningi amekufa. Kule kwa fisi duara lilikuwa nene. Ndipo ningi akaingia, mtu mzima mwenye kitambi na ndevu, akatupa mkono juu, akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya mke wake.

Kwanza walicheka. Walicheka mpaka wa kule kwa fisi wakageuka kuuliza kuna nini, na anayeuliza kuna nini ameshaanza kutembea. Wakaja kumi, wakaja hamsini. Walikuja kucheka, lakini walipofika karibu kicheko kikawapungua, maana wimbo ulikuwa wa mtu anayelima shamba la mwenziwe huku lake limeota majani, na mama alikuwa anauimba polepole, anapanda juu, anakaa huko bila kukata. Mchimbaji mmoja mbele yangu alivua kofia. Nikageuka kuangalia nyuma: fisi alibaki na mshika kamba, na mshika kamba naye alikuwa anamvuta fisi waje kwetu.

Ningi wa Nyarugusu akaingia katikati ya duara letu na kusimamisha ngoma. Akasema kuna hila. Akataka ningi wetu asimame pale alipo, bila ngoma, aimbe mstari mmoja watu wote wasikie. Vinginevyo tumeshindwa.

Ningi wetu akatugeuzia mgongo, akapita katikati ya ngoma, akafungua turubai kwa mikono yake mwenyewe na kumshika mkewe mkono. Mama alikataa kidogo, akavuta khanga yake vizuri, akashuka.

"Nyimbo hizi anazitengeneza huyu," ningi akasema. Ilibidi watu wasogee kumsikia. "Mimi ninazicheza. Anayeona kaibiwa, fisi yule pale."

Mama aliwaangalia watu wale wote. Nilijua anachofikiria, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba dawa hupiga uso unaoonekana. Akaanza hata hivyo, bila ngoma, mstari uleule wa juu. Akaufikisha. Wapigaji walimngoja amalize ndipo wakaingia chini yake, na ningi akaanza kucheza kuliko nilivyowahi kumwona, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Hakuna aliyerudi kwa fisi. Wazee wa uwanja hawakuhesabu, walionyesha tu kwa fimbo lile duara lililobaki tupu. Ningi wa Nyarugusu alikuja kutushika mkono, akaanza na mama.

Niliporudi Shinyanga nilimweleza fundi yote. Akataka kujua kama mama amepatwa na dawa yoyote. Nikamwambia bado, lakini mimi nimekuja kuulizia jina lililoandikwa kwenye santuri yake, nijifunze kulitamka vizuri.

Siku ile ya kurudi kutoka Nyarugusu ningi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na sisi, juu ya magunia. Tuliposimama Kahama watu wakatuzunguka wakiuliza ningi aliyeshinda Nyarugusu ni yupi. Sauti ilikuwa bado haijarudi, kwa hiyo akanyoosha kidole kuelekea mbele, kwa dereva, alipokuwa amekaa mama.