Disketi ya Tatu ya Shangazi Qabale

Shangazi yangu Qabale alizaliwa Korbesa na akachunga mbuzi mpaka akafika miaka kumi na miwili. Leo, mwaka huu wa 1988, ni yeye peke yake katika biashara ya Haji Duale anayejua kutumia kompyuta. Mimi niko kidato cha pili, na mpaka sasa sielewi vile sanduku linaweza kukumbuka ng'ombe. Lakini linakumbuka. Nimeona kwa macho yangu.

Haji hukusanya ng'ombe wa watu wa Merti na Korbesa, huwaweka Burat mpaka daktari wa mifugo awaruhusu, kisha malori huwapeleka Nairobi kuuzwa kwa niaba ya wenyewe. Kule Burat ng'ombe wa wenyewe wengi hulala zizi moja. Orodha ya shangazi ndiyo inasema huyu ni wa nani: rangi, chapa, sikio lilivyokatwa, siku ya chanjo. Kwetu mzee hatangazi idadi ya mifugo yake, kwa hivyo wazee wanamweleza shangazi ng'ombe mmoja mmoja, naye anaandika. Daftari ziliachwa zamani, na mchwa wamezila.

Jumamosi moja mwezi uliopita fundi Ebei alifika ofisini kwetu Isiolo kutoka Nairobi na mfumo mpya wa kuendesha kompyuta. Mnunuzi wa Nairobi alikuwa ameandika kwamba kuanzia safari hii anataka orodha kwenye disketi ya mfumo huo, si karatasi. Malori yangepakia Jumatatu.

"Mama, ni kazi ya nusu saa," Ebei akasema. "Nafuta kila kitu ndani, naweka mfumo mpya, narudisha orodha yako. Nimeshainakili kwa disketi zako tatu."

"Unafuta kwanza?"

"Nafuta kwanza. Huu mpya haukai juu ya ule wa zamani."

Shangazi akavuta kiti. "Basi nifungulie hizo nakala nizione."

Ebei akacheka. "Mama, huniamini? Nimesomea hii kitu miaka miwili."

"Ng'ombe simnunui amelala. Lazima nimwone akitembea. Fungua."

Disketi ya kwanza ikafunguka: fahali mwekundu wa Umuro, ndama wa Chachu. Ya pili pia. Ya tatu ikaanza kukwaruza ndani ya mashine kama panya kwenye gunia. Tukangoja. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba haisomeki. Ebei akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Haisomeki. Hakuwa anacheka tena.

Akainusa. "Hii inanuka nini?"

Mama Kinsi, anayetufagilia ofisi, alikuwa mlangoni. "Inanuka vizuri," akajibu. "Kila Ijumaa nafukiza kabati ya hizi disketi, kama kibuyu cha maziwa. Qabale alisema vitu vya ndani visiharibike."

"Mama! Umefukiza disketi?"

"Sasa wewe unataka zioze?"

Nilitaka kucheka, lakini niliona uso wa shangazi. Disketi ya tatu ndiyo ilikuwa na Korbesa yote: baba zake wadogo, majirani, mjane mmoja aliyeleta fahali wake wa pekee. Kama Ebei angebonyeza kabla ya kufungua, wale ng'ombe wangebaki Burat bila mwenyewe, na watu wangekuja kuwagombania na fimbo mkononi.

"Nakili tena," shangazi akasema.

"Kwa disketi gani? Nilizobeba ni za mfumo tu, na hizi zako zote zimekula moshi. Isiolo nzima hakuna duka la disketi."

Hapo Haji Duale akaingia. "Salaam aleikum. Imeisha?"

"Aleikum salaam. Haijaisha, Haji," shangazi akajibu. "Leo hatubadilishi."

Haji akamtazama Ebei, Ebei akatazama sakafu. Shangazi akamweleza yote, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mnunuzi amesema hataki karatasi, Qabale! Malori yakirudi yamejaa, utalipa wewe?"

"Akiwakataa, ng'ombe watarudi Burat na kila mmoja ana mwenyewe. Tukifuta leo, hata akiwakubali, hatutajua tumeuza wa nani."

"Na Ebei nimemtoa Nairobi bure?"

"Bure."

Haji akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwandikie mnunuzi barua. Sahihi iwe yako, si yangu. Na uende na lori wewe mwenyewe. Akikataa, usirudi kwa hiki kiti."

Shangazi akasema sawa. Akawasha printa, na karatasi zikatoka moja baada ya nyingine mpaka adhana ya magharibi. Jumatatu alipanda mbele ya lori la kwanza na karatasi zimefungwa kwa leso, akizishika kifuani.

Alirudi Alhamisi. Anasema mnunuzi alimfokea mbele ya wapakuaji, akamwita mshamba, kisha akamwita karani wake wakaanza kulinganisha chapa. Hawakukosa hata moja. Amempa mpaka mwisho wa mwezi ujao kuleta disketi.

Jumanne ijayo Ebei anarudi. Shangazi amemwandikia alete disketi mpya kumi, na kwamba nakala zote zitafunguliwa yeye shangazi akiona kabla Ebei hajafuta kitu. Kiti bado ni chake, lakini siku hizi usiku hali chakula vizuri. Nikimuuliza kama ni hizo disketi zinamsumbua, ananiambia nisome vitabu vyangu.